Mara Mbili za Mtoto Asiyesikia

Mvua ya Novemba ikianza kupiga bati huku milimani Tarime, hata mwenye masikio mazima husikia nusu tu ya yanayosemwa darasani. Asubuhi moja ya mvua kama hiyo, miaka kadhaa iliyopita, watahiniwa wa kidato cha pili katika shule niliyokuwa nikifundisha waliambiwa kwa mdomo kwamba swali moja la Hisabati lilikuwa na kosa la uchapaji. Sahihisho likasomwa mara mbili, watoto wakaliandika, mtihani ukaendelea. Kijana mmoja aliyekaa mstari wa tatu, karibu na dirisha, hakuandika kitu. Alikuwa ameinamia karatasi yake. Alilihangaikia swali lile mpaka muda ukamwishia, na maswali mawili ya mwisho hakuyagusa.

“Lile swali halikuwa na jibu, Mwalimu,” aliniambia wiki iliyofuata, kwa ile sauti yake ya juu ambayo sisi walimu tulikuwa tukiiita utovu wa adabu.

Matokeo yalipotoka hakufikia ufaulu. Akakariri darasa. Mwaka wa pili akaketi tena, chumba kilekile, maelekezo ya mdomo yaleyale, akashindwa tena. Hapo safari yake katika mfumo rasmi ikakoma. Ni siku mama yake alipokuja kuchukua godoro na sanduku ndipo tulipojua. “Mwalimu, huyu hasikii vizuri tangu alipougua degedege,” alisema. “Alipopona, masikio yakabaki mazito. Mimi nilidhani mnajua.” Hatukujua. Miaka kumi ya shule, mitatu ya mwisho tukiwa tunamwona kila siku, na hakuna aliyewahi kumpima masikio.

Nimeibeba kauli ya mama yule muda mrefu, na ndiyo inayonifanya niandike leo. Tanzania ina utaratibu unaohesabu mara ambazo mtoto amejaribu. Haina utaratibu unaohesabu mara ambazo sisi, upande wa pili wa meza, tumetimiza sehemu yetu ili jaribio hilo listahili kuitwa jaribio.

Tuanze na kidato cha pili, kwa kuwa hapo ndipo kikomo kinapoonekana wazi. Asiyefikia ufaulu katika upimaji wa taifa hukariri mara moja. Akishindwa mara ya pili hana dawati tena. Anayetaka kuendelea anakwenda kuwa mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa maarifa, ule ambao mtaani tunauita QT. Sheria hiyo haimtaji mlemavu popote. Inawatazama wote kwa jicho moja, na watetezi wake husema hiyo ndiyo haki yenyewe. Kwa mtoto aliyesikia maelekezo, akaona ubao na akafundishwa kwa lugha anayoielewa, nafasi mbili ni nafasi mbili kweli. Kwa yule wa dirishani zilikuwa sifuri, na daftari la shule likaandika mbili.

Nataka kuwa mkweli kuhusu yale yanayofanyika. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, halijawasahau watahiniwa hawa. Kila msimu wa mitihani Baraza huwakumbusha wasimamizi kuhakikisha wasioona wanapata karatasi za nukta nundu na wenye uoni hafifu wanapata maandishi makubwa. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa saa tatu hiyo ni saa nzima ya nyongeza kwenye Hisabati na nusu saa kwingineko. Si jambo dogo. Nimewahi kumwona binti mwenye uoni hafifu akiitumia nusu saa hiyo mpaka dakika ya mwisho, pua ikikaribia kugusa karatasi, akamaliza insha ambayo bila muda ule ingeishia katikati.

Lakini nyongeza hiyo humfikia yule ambaye jina lake limeandikishwa kuwa ana mahitaji maalumu. Anayeandikisha ni shule. Na shule humwandikisha yule anayeonekana kwa macho: asiyeona kabisa, anayetembelea magongo, mwenye ualbino. Anayesikia nusu haonekani. Mtoto ambaye herufi humcheza ubaoni haonekani, hasa kama tangu darasa la kwanza amekuwa akinakili kwa jirani. Huku kwetu watoto hawa huitwa wazembe, wakaidi, wagumu wa kuelewa, na hupewa viboko kwa ulemavu wao. Kwa hiyo wanaitumia nafasi ya kwanza, na mara nyingi ya pili pia, kabla mtu yeyote hajagundua kwamba walistahili msaada.

Kuna pia suala la lugha, ambalo sidhani kama tumelipa uzito unaostahili. Mtoto wa Kikurya huanza na Kikurya nyumbani, akakutana na Kiswahili shuleni, na anapoingia sekondari anabadilishiwa kila kitu kuwa Kiingereza. Safari hiyo ni ngumu kwa anayesikia. Kiziwi yeye, akibahatika kupelekwa kwenye shule au kitengo cha viziwi, hujifunza kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ina sarufi yake na mpangilio wake wa sentensi. Anapofika sekondari anatakiwa asome na kuandika kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kuisikia hata kwa bahati mbaya redioni, darasani kwa mwalimu ambaye pengine hajui alama hata ya neno “swali”. Kisha tunampa mtihani wa kuandika, tunahesabu moja. Mwaka unaofuata tunampa ule ule, tunahesabu mbili.

Mtoto asiyeona wa Serengeti naye ana hesabu yake, na hii ni ya umri. Ili apate nukta nundu lazima aondoke kwao. Kwa mkoa wetu, jina ambalo wazazi wengi hulijua ni Mwisenge, shule kongwe ya Musoma yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Kutoka vijiji vya Mugumu hadi Musoma ni safari ya basi na nauli, na kabla ya nauli ni safari ya moyo: mzazi akubali kumwacha mtoto wa miaka saba asiyeona kwenye bweni la mji asioujua. Wengi husubiri. Husubiri mtoto akomae, mavuno yawe mazuri, ndugu wa mjini apatikane, mwalimu au mtu wa dini aje kuwashawishi. Mtoto huanza darasa la kwanza na miaka kumi, kumi na miwili. Mtu akianza shule na umri huo, akakariri mara moja, anamaliza kidato cha nne akiwa mtu mzima. Na mbele yake kuna milango yenye umri juu yake. Kuchaguliwa kidato cha tano katika shule za serikali kuna ukomo wa miaka 25. Mkopo wa elimu ya juu una ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji, na masharti ya Bodi ya Mikopo hutaka awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita.

Hakuna aliyeyaandika masharti hayo kwa nia ya kumkomoa mlemavu. Bodi hiyohiyo huwahesabu waombaji wenye ulemavu miongoni mwa wahitaji. Lakini saa ya miaka mitano ikishaanza kugonga inahesabu miaka tu, haiulizi miaka hiyo ilitumikaje. Kijana aliyeumia mgongo kwa ajali ya bodaboda kati ya Tarime na Sirari, akakaa miaka miwili kitandani na mwaka mmoja akijifunza kutumia kiti cha magurudumu, saa yake imegonga mara tatu akiwa amelala. Kikomo cha umri ni kikomo cha majaribio kilichovaa nguo nyingine.

Ninapofika hapa humkumbuka mtoto mwingine wa mkoa huu aliyechelewa kuanza shule. Alichunga mbuzi Butiama mpaka alipofika miaka 12, ndipo mwaka 1934 akapelekwa Mwisenge. Miaka mitatu baadaye alikuwa Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Hakuna aliyemwambia Julius Kambarage Nyerere kwamba amepitwa na umri wa darasa lake. Shule aliyoanzia ndiyo hiyohiyo inayowapokea leo watoto wasioona wanaochelewa kama yeye alivyochelewa.

Na ni Musoma hiyohiyo ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Novemba 1974 na kutoa Azimio la Musoma. Watu hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote na kwa lile agizo la vijana kufanya kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Kilichosahaulika ni kwamba azimio lile liliukosoa wazi mtihani wa mwisho wa kuandika, kwamba umepewa uzito kupita kiasi, na likataka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe mwaka mzima, darasani na kazini. Ndiyo asili ya alama za maendeleo ambazo Baraza lilianza kuzitumia katikati ya miaka ya 1970. Wazee wale waliona kwamba mtihani mmoja humvizia mtoto. Miaka hamsini imepita tangu waseme hivyo, umbali wa safari ya saa chache kutoka lile darasa la kijana wa dirishani.

Sasa, kuna hoja ambayo wenzangu walimu hunipa, na ni watu ninaowaheshimu. Mzee mmoja aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu wilayani Serengeti aliniambia hivi: “Mwalimu, ukimruhusu kila mmoja arudie mpaka achoke, darasa la watoto sitini litakuwa la mia. Na yule aliyefaulu kwa jasho atasema nini?” Ana haki ya kuuliza. Amefundisha kwenye madarasa ambayo watoto wa nyuma hukaa sakafuni, na anajua dawati moja lina thamani gani. Mimi siombi nafasi zisizo na mwisho. Sitaki mlemavu apewe alama za huruma wala mtihani mwepesi; hilo lingemtukana yeye kwanza, na kila cheti chake kingetiliwa shaka maisha yake yote. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuandika “mara ya kwanza” kwenye daftari, tuulize kama masharti ya mara hiyo yalitimia. Yakiwa yalitimia, na ihesabiwe kama ya mtu mwingine yeyote. Yakiwa hayakutimia, ile haikuwa mara. Watoto wa namna hii hawafiki wa kujaza darasa la mzee wangu. Katika shule nyingi ni mmoja, wawili, au hakuna.

Tofauti hii si ya maneno matupu, na nchi nyingine zimeshaipigania mpaka mahakamani. India ina mtihani maarufu wa kuingia utumishi wa umma, na mtahiniwa wa kawaida anaruhusiwa kuufanya mara 6. Walemavu wa kundi hilo wanaruhusiwa mara 9. Wale wa jamii zilizohesabiwa kuwa nyuma kijamii nao wana mara 9, wawe na ulemavu au wasiwe nao. Mlemavu anayetoka kwenye jamii hizo amebeba mizigo miwili, na kwa mizigo miwili hapati hata mara moja ya ziada kuliko jirani yake asiye na ulemavu. Kesi ya malalamiko hayo ilifika Mahakama ya Juu ya India, Serikali dhidi ya Selvakumar, na mwaka 2017 mahakama ikasema hakuna ubaguzi, kwa kuwa walemavu wote ni kundi moja. Naiheshimu mahakama ile, lakini sikubaliani na hoja yake. Inachukulia kwamba mizigo miwili ikiwekwa kichwani pa mtu mmoja inakuwa mmoja.

Mtu wa Tarime haelekei kukubali hilo, kwa sababu mizigo miwili anaiona misimu ya Desemba. Msimu wa ukeketaji huja shule zikifungwa, mara tu baada ya mitihani ya Novemba, na kuna mabinti hukimbia kwao na kulala nyumba salama, Masanga upande wa Tarime au Mugumu upande wa Serengeti. Wengine hurudi shuleni wamechelewa, wengine hubadilishwa shule, wengine huanza upya. Binti asiyesikia hapati hata hiyo nafasi ya kukimbia kwa wakati, maana tetesi za nani atakatwa lini hupita kwa midomo, kisimani na sokoni. Ukimwekea binti huyo kikomo kilekile cha kaka yake anayesikia, umefanya hesabu sawa na umemdhulumu.

Wapo watakaosema ulemavu tumeshautengea nafasi. Ni kweli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza walemavu waombe na waeleze ulemavu wao. Halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 ya mapato hayo huwa ya walemavu. Nazipongeza hatua hizi zote. Lakini nafasi ya asilimia 3 huanza kwa cheti, na cheti cha kidato cha nne hukipati kama ulitolewa kidato cha pili kwa sababu hukusikia sahihisho. Mwajiri mwema wa Musoma au Mwanza anatangaza nafasi, anasubiri, hapati mwombaji mwenye sifa, anaandika kwenye ripoti yake kwamba walemavu hawakujitokeza. Hawakujitokeza kwa kuwa walishaondolewa miaka kumi kabla, kwenye karatasi ambayo hakuna anayeikumbuka.

Na hapa pana mgongano ambao wakubwa wa elimu watalazimika kuutatua, wapende wasipende. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kama elimu ni ya lazima mpaka kidato cha nne, mtoto anaondolewaje kidato cha pili? Huwezi kumlazimisha mtu asome miaka kumi kisha wewe mwenyewe ukamtoa katika mwaka wa nane. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba ule unasema kukosa kufanya marekebisho yanayofaa kwa mlemavu ni ubaguzi wenyewe, hata kama aliyekosa kuyafanya hakuwa na chuki. Mwaka 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliojifungua na kwa wengine waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi shuleni. Nilifurahi siku hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Mlango ule ulionyesha kwamba hesabu inaweza kuanza upya ikiwa mtu hakuwa na kosa.

Ninalopendekeza linaweza kufanywa na ofisa elimu mmoja mwenye karatasi na muhuri. Siku ya mtihani, kwa kila mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, msimamizi ajaze fomu ya ukurasa mmoja: karatasi ya nukta nundu ilifika au haikufika, muda uliongezwa au haukuongezwa, mkalimani alikuwepo au hakuwepo, maelekezo yaliandikwa ubaoni au yalisemwa tu. Mtahiniwa naye aweke sahihi au dole gumba. Palipoandikwa “haikufika”, mara hiyo isihesabiwe, na mwaka huo usiingie kwenye umri wala kwenye miaka mitano ya mkopo. Fomu hiyo itasaidia kitu kingine: wasimamizi wakijua kwamba kosa lao linaandikwa, nukta nundu zitafika. Na kabla ya fomu, mtoto yeyote anayeanza darasa la kwanza apimwe macho na masikio. Muuguzi wa zahanati ya kata anaweza kuanza na kunong'ona nyuma ya mtoto na chati ya herufi ukutani. Wale watakaotia shaka ndio wapelekwe hospitali ya wilaya.

Anayegundulika akiwa ameshaketi mtihani, kama yule kijana wangu, naye asiachwe. Cheti cha daktari kikionyesha kwamba tatizo lilikuwepo siku ile, majaribio yake ya nyuma yafutwe kwenye hesabu. Najua wapo watakaojaribu kununua vyeti. Wapo wanaonunua hata vyeti vya kuzaliwa, na hatujaacha kuandikisha watoto.

Nilimwona tena kijana yule mwaka jana, stendi ya Tarime. Amekuwa mtu mzima, mabega mapana, mikono ya mtu aliyepasua mawe. Alikuwa akitoka machimboni Nyamongo. Alinitambua kabla sijamtambua, akanishika mkono na kuning'ang'ania pale kwenye kelele za wapiga debe, akiangalia midomo yangu. Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya tiketi yangu ya basi: “Unataka kurudi?” Akaisoma, akaigeuza tiketi kama anatafuta kilichoandikwa upande wa pili, kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu na kuandika chini yake: “Si nilimaliza mara zangu?” Nikamwandikia habari za QT, lini usajili unafunguliwa, kituo kiko wapi, ada. Nikaandika pia kwamba safari hii tutakwenda kwanza hospitali apimwe, ili fomu yake isomeke kwamba ana mahitaji maalumu. Akaikunja ile tiketi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Tulikubaliana Jumatatu, saa mbili asubuhi, lango la hospitali. Alifika saa moja.